Kabla Hujafunga Begi

Saumu mwanangu,

Shikamoo yako ya mchana nimeshaiitikia, na hali yangu unaijua pengine kuliko ninavyoijua mimi, kwa hiyo salamu tuziache hapo. Umekwenda Mwambani kuwaaga jamaa za marehemu baba yako. Mimi nimekaa kwenye kochi la ukumbini, mguu nimeuinua juu ya stuli kama unavyotaka, na begi lako liko mbele yangu. Zipu bado hujaifunga. Nakuandikia kwa sababu ukiwa mbele yangu huwa tunagombana kabla sijafika kwenye nilichokusudia, na karatasi hainijibu.

Sitakwambia uvae viatu vya kufunika huko Mpanda unakokwenda kuanza kazi, wala usile vya stendi, wala usimwachie mtu mzigo wako. Shangazi yako ameshakwambia, na alfajiri atakwambia tena. Mimi nataka kukueleza habari ya kushuku, maana ndiyo kazi niliyoifanya nikalipwa mshahara, na ndiyo iliyokaribia kunimaliza.

Unajua miaka yangu yote ya kazi niliimalizia pale mpakani Horohoro, kwenye chumba cha pazia, nikipekua kina mama wanaoingia na kutoka. Watu hudhani upekuzi ni mikono. Upekuzi ni kumtazama mtu kabla hajafika mezani. Anayetoka jasho mara nyingi hana kitu. Ana mtoto mgonjwa mgongoni, au amebanwa na haja tangu Mombasa. Mwenye kitu ni yule anayekuuliza kama watoto hawajambo, na hajui hata kama una watoto. Nilipostaafu walinipa kitenge na saa ya ukutani, lakini yale macho hakuna aliyeniambia niyarudishe.

Pale mezani nilikuwa na neno moja nililomwambia kila mtu, awe bibi kizee au binti: kama kuna kitu, kitaje mwenyewe kabla sijaweka mkono. Aliyekitaja tulizungumza, akalipia ushuru wake akaenda zake na mzigo wake. Aliyeniachia nikikute mimi, hapo hatukuwa na mazungumzo tena. Liweke pembeni neno hilo, nitalihitaji baadaye.

Ugonjwa wangu ulianza baba yako akiwa hai. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mifupa ya mapaja ikawa inauma kwa ndani, mahali ambapo hata ukandwe vipi mkono haufiki. Kiu nayo haiishi. Naikuta chupa ya maji iko tupu na sikumbuki kuinywa, halafu usiku kucha nina kazi ya kwenda msalani kukojoa. Haja kubwa ndiyo ikanisusa kabisa. Nikawa nasahau: naingia jikoni, nasimama mbele ya jiko, sijui nilifuata chumvi au kiberiti. Na nilikuwa nalia. Mimi, Saumu, ambaye wanawake walinililia mezani miaka yote ile na sikupepesa jicho, nikawa nalia kwa sababu wali umeungua.

Baba yako alipofariki nikakaa eda, na ugonjwa ukapata pa kujificha. Kila mwanamke aliyekuja kunipa pole aliona nimekonda, aliona machozi, aliona nimekaa siongei, akasema ni majonzi. Mimi mwenyewe nikasema ni majonzi, kwa sababu majonzi yalikuwepo kweli. Hospitali sikwenda. Nilidhani mwenye eda hatoki hata kwa maradhi, na hakuna niliyemuuliza. Baadaye sana maalimu wa pale msikitini aliniambia, "Kwa maradhi ungetoka tu, mama, nani alikuzuia?" Hata yeye nilimtazama mara mbili.

Eda ikaisha, watu wakarudi kwenye shughuli zao, na mwili ukazidi kuuma. Zahanati ya kwanza walisema mkojo mchafu. Ya pili wakasema vidonda vya tumbo. Kijana mmoja aliangalia umri wangu kwenye karatasi, akatabasamu, akasema, "Mama, hayo ni mambo ya utu uzima, uwe unatembeatembea jioni." Nikatembea. Kila niliporudi na mfuko wa dawa nilikuwa naukagua ule mfuko kuliko ninavyozimeza dawa zenyewe, nikijiuliza nani ananufaika. Nilimshuku daktari kwamba ana ubia na duka la dawa, nikalishuku duka kwamba linabadilisha vidonge, nikaushuku hata mzani wao kwa kuwa ulionyesha nimepungua sana. Mzani peke yake ndio uliokuwa ukisema kweli, na nao nikaukatalia.

Na hapa Nguvumali ukisema mifupa inauma, kila mlango una tabibu wake, na dawa yao wote ni maziwa. Maziwa asubuhi, supu ya makongoro mchana, na vidonge vya kalsiamu, vile vikubwa vya kutafuna. Nikanywa, nikala, nikatafuna. Nilivyozidi kutafuna ndivyo mdomo ulivyozidi kukauka. Nikasema basi maziwa yametiwa maji. Nikabadilisha muuza maziwa, kisha nikabadilisha tena, mpaka wauza maziwa wakawa wanapita upande wa pili wa barabara wakiniona kibarazani. Ingekuwa kweli yametiwa maji, labda ningepata nafuu kidogo.

Nilipomaliza kuwashuku wa nje nikaanza wa ndani. Ndani tulikuwa wawili, mimi na shangazi yako Mwanahawa, dada wa baba yako, aliyehamia hapa baada ya msiba ili nisikae peke yangu, wewe ukiwa chuoni Korogwe. Yeye ndiye aliyekuwa akipika. Na alikuwa anauliza sana: wifi umekula, wifi umelala vipi, wifi leo umepata choo? Kwa macho yangu ya Horohoro, anayeuliza sana ana kitu. Nikaanza kuweka alama ya kalamu kwenye chupa yangu ya maji. Sukari yangu nikaifungia kabatini. Uji wake nikawa naumimina kwenye bakuli la paka wa jirani, nimtazame atakuwaje. Paka akanenepa. Akawa analala mlangoni kwangu akingojea uji, manyoya yanamng'aa, na mimi badala ya kupata jibu nikaanza kumshuku paka.

Yaliyofuata unayajua, na ukoo mzima unayajua, kwa sababu niliwaita mwenyewe. Niliwaita wakubwa wa ukoo wa baba yako hapa hapa ukumbini, wakanywa chai niliyoipika kwa mkono wangu, nikawaambia mbele yake, "Mwanahawa ananilisha kitu." Baba yako mkubwa akakitazama kikombe chake. Shangazi yako hakulia wala hakuapa. Alisema, "Wifi, mie ningetaka ufe ningekuacha ujipikie." Kuna aliyecheka akajifanya anakohoa. Jioni ile akafunga nguo zake kwenye kanga akarudi Mwambani, na mimi nikashinda. Nyumba ikawa yangu, chungu changu, maji yangu, na kiu ikawa palepale.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Kama ubaya ulikuwa wa Mwanahawa, na Mwanahawa ameondoka, mbona mifupa inauma? Kwenye kazi, ukikuta begi moja halina kitu unafungua jingine. Mimi nikasema lazima ameacha kitu kizingitini. Nikachimba. Lile shimo ulilojikwaa uliporudi likizo, nikakwambia ni panya, nililichimba mimi kwa mwiko wa fundi, na nilipofika kwenye zege nikakaa chini pale pale nikalia. Sikuwa na jina la kinachoniuma, na nilitaka awepo mtu wa kumkasirikia. Ukiniuliza leo kipi kilinitesa zaidi, mifupa au ule upweke wa kumwogopa kila anayeniletea sahani, nitakwambia ni sahani.

Kisha yakaja mawe ya figo. Uchungu wa kukuzaa wewe ulikuwa unapumzika, huu haukupumzika. Ulianzia kiunoni ukateremka mpaka kwenye nyonga, nikatambaa kwa magoti mpaka mlangoni. Aliyenisikia ni mwenye paka, na mtu aliyempigia simu ni shangazi yako, maana namba yake ndiyo aliyokuwa nayo. Alikuja kwa bodaboda kutoka Mwambani na chupa ya uji mkononi. Hakuniuliza kitu. Tulipokuwa tunasubiri pale hospitali alimimina uji kwenye kikombe, akachota kijiko, akaonja yeye kwanza, akameza, akangoja nikimtazama. Ndipo akanipa. Tangu siku ile amerudi kuishi hapa, na mpaka leo huwa anaonja mbele yangu kila anachonipa, na hajawahi kusema neno juu ya hilo. Mimi nilimwachia aendelee. Kusema kweli nilikuwa nasubiri aonje.

Daktari tuliyempata alikuwa binti mdogo, kwa umri anakupita kidogo tu, mpole wa sauti. Picha ilionyesha mawe kwenye figo zote mbili. Akasema, "Mama, mawe namna hii na mifupa inayouma, nataka kupima kalsiamu kwenye damu yako." Nikamwambia kalsiamu si ndiyo ninayoitafuna kila siku, itakuwaje tena? Akasema, "Ndiyo maana nataka kuipima." Majibu yakaja kalsiamu iko juu sana. Akanitaka nimtajie kila kitu ninachotia mdomoni, dawa, chakula, mitishamba, chochote.

Nikamtajia. Maziwa nikataja, makongoro nikataja, vidonge nikavitoa nikaviweka mezani. Maziwa ya kawaida alisema hayana ugomvi, ila vidonge nisiviguse tena. Lakini tambuu sikuitaja. Kijaluba, kile kikasha changu cha tambuu, kilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya leso, na tambuu zake, na popoo, na chokaa yake, ambayo nimeitafuna tangu nikiwa msichana. Nilijua akiisikia chokaa atasema ndiyo hiyo, na kijaluba kile ni cha marehemu mama yangu, na nilimwona kama ananitafutia kosa. Nikamtazama usoni nikamuuliza, "Watoto wako hawajambo, dokta?" Akasema hana watoto.

Fikiria, Saumu. Nimekaa upande ule wa meza miaka yote, na siku nilipokaa upande huu nilifanya vilevile walivyonifanyia.

Nikaacha vidonge, nikapimwa tena, kalsiamu bado iko juu. Binti akawa anashangaa. Kila kliniki ananiuliza, mama, huna kitu kingine unachotumia? Sina. Akaagiza kipimo kingine, tukasubiri, akataka kurudia kingine, tukasubiri. Katikati ya kungoja huko nilikuwa uani nakamua kanga, nikasikia mlio, kifundo cha mkono kikavunjika. Kwa kukamua kanga tu. Ndipo ulipopata ruhusa chuoni ukanisindikiza kliniki, na kabla sijakaa vizuri ukatia mkono kwenye mkoba wangu ukakiweka kijaluba mezani. Ukasema, "Dokta, na hiki." Njia nzima kurudi nyumbani sikukusemesha.

Nakumbuka alivyokifungua, akainusa ile chokaa. "Mama, hii nayo ni kalsiamu. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Niliuliza, mama."

Akanipiga marufuku. Nikaacha tambuu, na Mungu anajua nilivyoona tabu, nikapimwa tena baada ya wiki kadhaa. Kalsiamu bado iko juu. Nilifurahi, unaweza kuamini? Nilifurahi kwamba chokaa yangu imetoka safi. Lakini ingetoka safi mapema, na mkono ungekuwa mzima, kama ningeitaja siku ya kwanza. Mimi nimeshausamehe ule mkono wako ulioingia kwenye mkoba wangu. Sijawahi kukwambia, nakwambia sasa.

Damu ikapelekwa Dar kupimwa homoni. Huko ndiko lilikotoka jina. Shingoni, nyuma ya tezi ile kubwa, kuna vitezi vidogo vinaitwa parathairoidi, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kupima ni kalsiamu kiasi gani ipite kwenye damu. Kitezi changu kimoja kimevimba, na kinafanya kazi kama afisa aliyeacha geti wazi akaenda kunywa chai. Kinainyang'anya mifupa madini yake na kuyaachia kwenye damu, yakifika kwenye figo yanakuwa mawe, yakifika kichwani mtu anasahau na analia ovyo. Binti alinieleza kwamba kama kalsiamu ingekuwa inatoka kwenye chokaa au vidonge, kitezi kingenyamaza. Changu kinapiga kelele. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia aniandikie kile kipimo nikipime tena kwenye maabara nyingine. Akaandika bila kununa. Majibu yakawa yaleyale, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Ndipo akaniuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyepata mawe au kuvunjika ovyo. Nikasema hakuna. Nilipofika nyumbani, nikiwa navua viatu, nikamkumbuka mama yangu.

Bibi yako hukumwona. Alikuwa mchuma chai kule Amani, na mimi nimekulia kwenye nyumba za vibarua, kwenye ukungu. Alianza kupinda mgongo angali mwanamke wa makamo. Alikuwa anakunywa maji mpaka majirani wanamcheka. Alipata maumivu ya kiuno ya kumgaragaza sakafuni, na siku moja mkono ulimvunjika akikamua blanketi. Hapakuwa na aliyempima kitu. Watu walisema amerogwa, na wakamtaja jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi, kwa sababu walikuwa wamegombania bomba la maji. Tukafundishwa tusipokee kitu mkononi mwake. Mimi nilikuwa nayapenda sana yale maandazi. Mwishowe yule mama akahamia Muheza, na hakuna aliyetoka nje kumuaga. Nilidumu na habari hiyo maisha yangu yote kama kweli tupu, mpaka jioni ile nimeshika kiatu mkononi.

Kliniki iliyofuata nilimweleza daktari kabla hajauliza. Akaandika, kisha akasema, "Una watoto wangapi, mama?" Nikasema mmoja. Akasema mara nyingi ugonjwa huu haufuati ukoo, ila kwa habari ya bibi, huyo mmoja naye apimwe, ni damu tu. Nilikwambia, nawe ukacheka. Ulisema, "Mama, mie mzima." Nikayaacha, kwa sababu na mimi wakati huo nilikuwa na yangu ninayoyakimbia.

Yangu ni upasuaji. Kitezi kimeonekana, kiko chini upande wa kushoto, kinatolewa Dar na watu wanaojua. Nikakataa. Nilimuuliza binti kama kisu kinapita karibu na sauti, akasema karibu, ila kuipoteza hutokea kwa nadra. Nikamwambia hata huyo wa nadra ni mtoto wa mtu. Nikakataa mara ya pili na ya tatu, kila mara kwa sababu mpya, na mara ya mwisho ulipiga meza ukaniuliza, "Mama, unataka ushahidi mpaka lini?" Ukalala bila kuniaga. Ulipopata barua ya kupangiwa kituo Mpanda, nilishuku umeomba mwenyewe kituo cha mbali ili unikimbie. Bado nashuku kidogo. Kama ni kweli sikulaumu, na mimi ningekuwa na miguu ningenikimbia.

Lakini kuna jambo jingine ninalolishuku, na hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Nakusikia usiku. Unaamka kunywa maji, unakwenda msalani, unarudi unakunywa tena. Nilipokuuliza ulisema ni joto. Joto la Tanga nalijua, mwanangu, halimwamshi mtu wakati wa kipupwe. Ukiinama kufua unashika ubavu wa kulia, halafu ukiniona unajifanya unafunga kanga. Na juzi ulikaa chini sakafuni hapa ukalia, machozi yanadondoka, kwa sababu zipu ya hili begi ilikwama. Wewe si mtu wa kulilia zipu. Mimi sikuwa mtu wa kulilia wali.

Leo ulipotoka nimelipekua begi lako. Sikuombi radhi, ungekuwa mimi ungepekua. Nguo umezikunja vizuri. Chini kabisa, ndani ya kiatu cheusi, ndani ya soksi, kuna vidonge vya maumivu, pakiti juu ya pakiti, na moja imeshaliwa nusu. Mtu hafichi dawa ya kichwa ndani ya kiatu. Nimekirudisha kila kitu kama nilivyokikuta, mpaka mkunjo wa soksi.

Sasa nisikilize. Huenda si kitu. Huenda ni mgongo wa kukaa na vitabu, huenda ni tumbo la mwezi na unaona haya. Mimi ndiye niliyeshuku maziwa, nikamshuku paka, nikamwaibisha mtu mwema mbele ya wakubwa zake. Macho yangu siyaamini tena kama zamani, na hilo ndilo nililojifunza kwa tabu: kushuku kwangu hakuthibitishi kitu mpaka damu iseme. Ila kushuku siwezi kuacha, na sidhani kama nataka kuacha, kwa sababu ni wewe. Naogopa, Saumu. Naogopa kisu cha Dar, lakini zaidi naogopa kwamba nimekurithisha kijaluba cha namna nyingine kutoka kwa bibi yako, na kwamba utakwenda nacho Mpanda kimya kimya, ukimeza vidonge, mpaka siku utakapokuwa unakamua nguo.

Kesho utafikia Dodoma kwa mjomba wako. Kabla hujapanda basi la kwenda magharibi, nenda ukatolewe damu, kalsiamu na ile homoni, mwambie daktari habari yangu na ya bibi yako, na umtajie kila kitu, hata vile vya kwenye kiatu. Mjomba wako nimeshampigia, sikumwambia kwa nini, nimemwambia tu akupeleke mahali utakapomwambia.

Na mimi nimempigia yule binti daktari. Nimemwambia aniandike kwa ajili ya upasuaji. Akauliza nini kimebadilika. Nikamwambia kuna mtu siwezi kumtuma aende mahali ambapo mimi nimekataa kwenda. Shangazi yako atanisindikiza Dar. Wewe hutarudi kwa ajili hiyo, kazi mpya haitaki mtu wa ruhusa. Nikiamka sina sauti nitakuandikia, unaona mwenyewe nikishika kalamu sinyamazi.

Sasa hivi shangazi yako ameniletea wali na samaki wa kupaka. Akakaa, akachukua kijiko, akachota ili aonje kama kawaida yake. Nikamshika mkono nikamwambia, "Wacha, wifi. Nipe tu." Akaniangalia kwa muda mrefu, akaitazama sahani, akanitazama tena.

"Kwani umetia nini?" akaniuliza.

Tumecheka mpaka mbavu zikaniuma, na mbavu zangu unazijua. Kisha nimekula sahani nzima. Chumvi ilikuwa nyingi, nimemwambia.

Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako, uikute ukirudi. Pale mezani kwangu, kitu nikishakikuta mimi palikuwa hapana mazungumzo. Wewe nimekuvunjia sheria hiyo, wewe peke yako. Alfajiri, kabla hujafunga begi, niite. Unajua nitakuwa macho. Nitakuja nisimame upande wangu wa begi, mikono yangu nimeiweka nyuma, kana kwamba sijui kilichomo. Kitaje mwenyewe.

Mama yako